Kutafuta Vitu Upande wa Kushoto

Michezo mingi ya simu ya kutafuta vitu vilivyofichwa ni takataka. Nasema mapema ili usije ukadhani naitangazia biashara. Nimeicheza kuliko mtu yeyote ninayemjua, na si kwa kuipenda. Nilipata kiharusi nikiwa na kichanga nyumbani, na mchezo mmoja wa kijinga ndio uliogundua kitu ambacho watu wazima wenye macho yao mawili walishindwa kukiona. Kama umetoka leba ukaishia wodi nyingine, au unamuuguza mkeo, au mkamwana wako, soma. Sitakufundisha habari za ubongo, waliozisomea wapo. Nakueleza yaliyonipata mimi.

Presha ilinipanda nikiwa nimeshajifungua na nimesharudi nyumbani, wakati kila mtu ameshaacha kuniangalia mimi na anamwangalia mtoto. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nakunja nepi. Nepi ikanidondoka. Nikaiokota, ikanidondoka tena. Mume wangu, Godlisten, akasema, "Mkono umekufa ganzi huo, utingishe." Nikautingisha. Baada ya hapo nakumbuka dari ya hospitali.

Wodini nilijifunza kwamba mgonjwa aliyepinda mdomo watu humwongelesha kwa sauti kubwa, kama vile kilichopinda ni masikio. Walikuja wa kanisani, walikuja majirani, wakazunguka kitanda wakaongea wao kwa wao kama watu waliokutana msibani. Mama mmoja aliniambia nimshukuru Mungu kwamba ni mkono wa kushoto, maana wa kulia ndio wa kulia chakula. Nilitaka kumjibu. Mdomo ulikuwa haujapona, akabahatika.

Niliruhusiwa masika yamepamba moto, mtaa wetu wa Sokon One wote matope. Nyumbani nilimkuta mama mkwe ameshatoka Moshi na mkungu wa ndizi, nyama na maneno. Mama yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo hakukuwa na wa kugawana naye kazi. Kwa Wachagga kumlisha mzazi aliyetoka kujifungua si jambo la kuokotea njiani. Mama wa mume anakuja, anashika jiko, na mkamwana kazi yake ni kula mpaka mashavu yaonekane barabarani. Mkamwana akinenepa, sifa ni za mama mkwe. Akikonda, watu wanauliza nani alikuwa anapika.

Mtori, ile supu nzito ya ndizi, niliunywa wote, maana kikombe ukishakiweka mdomoni hakina kushoto wala kulia. Tatizo lilikuwa machalari. Ndizi na nyama kwenye sahani bapa, mvuke unapanda, na mimi nakula kwa njaa ya mtu anayenyonyesha. Nikimaliza, nasukuma sahani. Mama mkwe anaiangalia, anaichukua, anaondoka nayo. Kesho hivyo hivyo.

Mpaka siku moja akaketi.

"Mama Glory, chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu, Mama. Kitamu."

"Kitamu, lakini nusu."

"Nusu gani? Nimemaliza."

Akaitazama sahani, akanitazama mimi. "Umemaliza," akasema. "Haya."

Jioni nikamsikia jikoni anaongea na dada yake kwa simu, na hakujisumbua kushusha sauti. "Anakata kwa mstari, kama amepima na rula! Nusu anakula, nusu ananirudishia. Unadhani hajui anachosema? Ananiona mchawi, huyo. Anaogopa nimemwekea kitu." Kisha akasema lile lililonichoma hadi leo: "Mtu anayekiogopa chakula changu, mjukuu wangu nitamwachaje mikononi mwake?"

Kuanzia hapo Glory akahamia chumba cha bibi yake. Analetwa kunyonya, bibi amekaa kitini ananitazama kama askari wa zamu, akimaliza anabebwa. Nilipiga kelele. Nilimwita mwizi wa watoto, na kelele zangu zikawa ushahidi kwamba nimechanganyikiwa. Godlisten ni dereva wa watalii. Akiwa porini hana mtandao, akirudi hana maneno. "Mvumilie Mama," ndio yote aliyokuwa nayo.

Kulikuwa na dalili nyingine, na hapa ndipo ninapotaka uwe makini. Nilikuwa nagonga bega kwenye milango, kila siku bega lile lile, nikamlaumu fundi aliyejenga. Asubuhi moja nilisimama kwenye mlango wetu unaotazama mashariki, nikamwambia wifi yangu Happy kwamba leo mlima umejifunika. Nimezaliwa juu kule kwenye migomba ya Wameru, mlima ule wa kaskazini kwetu ndio kitu cha kwanza ninachokitafuta nikiamka. Happy akaniangalia. "Wifi, mbona uko wazi mpaka kileleni?" Nikaona ananichezea akili, nikarudi ndani, nikagonga bega.

Na titi. Titi la kushoto nililisahau. Usinicheke, nakuambia nililisahau, kama unavyosahau mwavuli. Likajaa, likawa gumu kama tofali, homa ikapanda nikatetemeka meno. Nesi wa kliniki alipofungua nguo alishtuka. "Mama, unanyonyesha upande mmoja kwani wewe mbuzi? Hulisikii hili linavyowaka?" Akalikanda kwa kitambaa cha maji moto, taratibu, muda mrefu, huku ananisema. Yule mama Mungu ambariki. Lakini hata yeye hakujiuliza kwa nini. Aliandika mzembe kichwani mwake, akamwita anayefuata.

Sasa mchezo.

Happy ni mdogo wake Godlisten, anasoma chuo hapa mjini na anakaa kwetu. Alichoka kunisikia nikigombana, akanipa simu yake. "Wifi, tafuta vitu, upumzishe mdomo." Picha ni jiko la mzungu fulani, limejaa makorokoro, chini kuna majina ya vitu vya kutafuta. Nikapata mshumaa, nikapata kijiko, nikapata kofia, haraka haraka. Vikabaki ufunguo, miwani, bata wa plastiki na kisu. Nikatafuta mpaka macho yakauma. Nikaanza kubonyeza ovyo, mchezo ukanizomea kwa mlio na kunifungia.

"Huu mchezo wa wezi," nikamwambia. "Wameandika vitu ambavyo hawakuviweka, ili watu wanunue msaada."

Happy akachungulia. "Kisu hicho hapo, wifi."

"Wapi?"

"Hapo! Kikubwa kama panga."

"Kama ni utani, nimechoka na utani wa nyumba hii."

 Happy akazima kile kitu kinachofanya picha ijizungushe yenyewe, halafu akaigeuza simu juu chini mkononi mwangu. Nikaona ufunguo. Nikaona miwani, nikaona bata. Nikaona kisu juu ya mkate, hakikufichwa hata kidogo, mtoto wa chekechea angekiona.

"Umebadilisha picha."

"Sijabadilisha. Niambie, dirisha liko wapi?"

Dirisha lenye pazia la njano nilikuwa naliona muda wote. Sasa halikuwepo. Haikuwa kwamba limefunikwa au kuna giza. Halikuwepo tu, na mahali pake hapakuwepo pia.

Happy akaweka simu kitandani polepole. Pembeni kwenye stuli kulikuwa na sahani yangu ya machalari. Akaishika kwa vidole viwili akaizungusha.

"Nani ameniongezea chakula?" nikauliza.

"Hakuna aliyekuongezea," akasema Happy. "Wifi, kula."

Nikala. Nilipoinua kichwa mama mkwe alikuwa mlangoni na Glory begani, ameona kila kitu. Ulitegemea aombe radhi? Hata mimi. Alisimama pale kama mtu aliyepokonywa kesi yake, kisha akasema, "Tangu lini simu ikawa daktari?" Akaondoka na mtoto wangu.

Happy alinirudisha hospitali, na daktari hakubisha. Alinisikiliza, akanipa karatasi nichore saa. Nikachora, nikaweka namba zote, nikajiona nimefaulu. Happy akageuza kichwa asinitazame. Baadaye nilioneshwa ile saa yangu: namba zimesongamana upande wa kulia kama kuku wanaokimbia mvua, kushoto peupe. Daktari akaniambia macho ni mazima. Kilichoumia ni ile sehemu inayokumbuka kwamba kushoto kupo. Akasema kushoto kunaweza kurudi, kwa mazoezi, na hakuahidi ni kiasi gani.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kipumbavu. Niliona kesi imekwisha: sikumdharau mtu, sikumwona mtu mchawi, nilikuwa mgonjwa. Mama mkwe alimsikiliza Happy mpaka mwisho.

"Basi ndio mbaya zaidi," akasema. "Nilidhani ananichukia. Anayenichukia anaweza kulea mtoto. Huyu ataogesha nusu ya mtoto."

"Mama!" Happy akapaza sauti.

"Mama nini? Atamweka kushoto kitandani na kumsahau. Atapita naye mlangoni, kichwa cha mtoto kigonge. Nasema uongo?" Haukuwa uongo. "Baridi ikiisha naenda naye Moshi. Godi, sema neno."

Godlisten akaangalia viatu vyake. "Ni kwa muda tu, Mama Glory."

Kwa muda. Watoto wangapi wamepelekwa kwa bibi kwa muda wakarudi wana ndevu? Nilimwambia hivyo, pamoja na mengine ambayo hayaandikiki.

Kwa hiyo nilikuwa na msimu mmoja wa baridi. Siku za mazoezi tulikuwa tunakaa kwenye benchi la mbao la hospitali, Happy na mimi, na sweta mbili mbili. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi lile, jiandae kwa watu. Kuna anayekuuliza umri, halafu anasema "maskini" kwa kuuvuta. Kuna anayejua mtu aliyepona kwa mizizi, na mwingine anajua aliyekufa, na wote wawili wanataka kukusimulia mpaka mwisho. Wema ulikuwepo, mdogo mdogo. Mzee mmoja wa Kisongo, aliyemleta mkewe, alikuwa kila tukikutana anahama na shuka lake anakaa kulia kwangu ili nimwone anaponiamkua. 

Mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole mwenye mikono ya baridi, alinifundisha kitu kimoja: anzia ukingoni. Akabandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa meza. Usitafute kitu, tafuta utepe kwanza. Ukiupata, ndipo uanze kuja kulia. Nyumbani Happy akabandika kwenye kila kitu, simu, sahani, milango. Kijana aliposikia kuhusu mchezo akacheka. "Endelea kucheza. Ni zoezi lile lile."

Nikacheza basi, baridi nzima, nimejifunika blanketi. Ndiyo maana nina haki ya kuwatukana wanaoitengeneza. Sehemu kubwa ni wavivu. Hawajui kuficha. Anachukua tembo, anamfanya mdogo kuliko kijiko, anamchovya kwenye rangi ya ukuta mpaka anakuwa kama jasho la ukuta, halafu anasema nimemficha. Hujamficha, umemfuta. Mwingine anakuwekea giza zito, eti chumba kina siri. Mwingine anarundika vitu vyote katikati na kuacha kona tupu, na kwa mtu kama mimi huo ni ulaghai, unanifanya nijione nimepona. Wengine wanaweka saa inayokimbia, kama vile anayetafuta miwani anafukuzwa na fisi. Halafu matangazo. Umeshikilia uzi, umeanzia ukingoni, unakuja taratibu, mara linafumuka tangazo la mwanamke anayelia jikoni, na ukirudi umesahau ulikuwa wapi. Ukikwama sekunde mbili tu wanakumulikia jibu bila kuombwa. Ukizoea, wanakufungia mlango mpaka kesho. Na hadithi zao zote ni moja, mzungu amekufa, amerithisha nyumba, nyumba ina vumbi. Hana ndugu wa kuja kusafisha?

Nilipata mmoja mzuri. Mmoja. Ulikuwa na picha ya chumba cha fundi cherehani, na kila kitu kina ukubwa wake halisi na kimekaa mahali ambapo binadamu angekisahau. Mkasi umelala juu ya kitambaa cheusi, umefunguka. Sindano imechomekwa pindoni mwa pazia. Vitu vimesambaa hadi pembezoni kabisa, kushoto na kulia, kwa haki. Hauna saa, hauzomei. Ukikipata kitu unajipiga kofi usoni, maana ulikuwa unakitazama muda wote. Raha ya mchezo huu ni hiyo tu, wala usidanganywe na mingine: kitu kilikuwa wazi, na wewe ndiye uliyechelewa. Siku nilipopata sindano ile bila Happy kuniambia geuza shingo, nililia kwa kelele. Mama mkwe akaja mbio akidhani nimeanguka.

"Nini?"

"Nimeona sindano, Mama."

"Sindano ya nani?"

Nikamwonyesha. Akaikodolea macho simu muda mrefu, Glory mgongoni kwake. "Mimi sioni sindano yoyote," akasema kwa hasira, akaenda zake.

Baridi ikaanza kulegea. Jua likarudi uwanjani mapema. Begi la Moshi likatokea sebuleni, na vinguo vya Glory vimekunjwa juu yake. Asubuhi ile mama mkwe alitoka na ungo uliojaa maharage, akauweka mapajani mwangu bila hata kunitazama.

"Nichambulie. Tutayala mchana."

Mama mkwe wangu ameuza maharage sokoni miaka yote aliyokuwa na nguvu. Hamwachii mtu kuchambua maharage yake, hata Happy. Nikajua mara moja ninachofanyiwa. Alivuta kigoda, akakaa mbele yangu na mtoto mapajani. Happy alitaka kuja kusaidia. "Kaa huko huko," mama mkwe akamwambia.

Kwenye ungo hakukuwa na utepe. Nikageuza shingo kushoto mpaka nikaona mkono wangu mbovu umeshika ukingo, nikaanzia pale. Nikakuta kijiwe cha kwanza, cheusi. Nikakuta kingine karibu nacho, halafu kingine. Nikakiinua kimoja juani. Ni changarawe za uwanjani kwetu, zile nyeusi zenye vitundu ambazo mlima ulizitema. Maharage ya Moshi hayaji na mawe ya Sokon One. Alikuwa ameokota vijiwe kwa mkono wake, akavipanga upande wa kushoto, vyote. Yaani mwanamke mzima, mwenye mjukuu, amekaa kunitegea kama wale wajinga wa kwenye simu.

Nilihisi damu inapanda kichwani, na damu kupanda kichwani kwangu si usemi tu. Nikapumua.  Nilivitoa kimoja kimoja, nikavirusha karibu na miguu yake ili avisikie. Nikauzungusha ungo, nikaanza upya kutoka ukingoni, nikatoa na makapi, na mbegu zilizotobolewa. Glory alikuwa anafuata kila kijiwe kinavyoanguka, anacheka.

Nikayabandika mwenyewe kwenye jiko la mkaa, kwa mkono mmoja na nusu. Mchana tukakaa wote, na Godlisten alikuwepo. Mama mkwe akachota, akatia mdomoni, akatafuna polepole, upande mmoja, kisha mwingine.  Sote tulikuwa tunasikiliza meno yake. Akachota tena. Nilimtazama taya zile zikisaga nikafikiri, likilia jiwe hapo mtoto wangu anaenda Moshi.

Halikulia. Alitafuna mpaka akachoka kutafuta.

"Chumvi kidogo," akasema.

"Naleta, Mama."

"Kaa." Akafuta vidole, akamwinua Glory kutoka mapajani mwake, akaninyooshea juu ya meza, uso ameugeuzia dirishani. "Mchukue mtoto wako, mbadilishe. Amekojoa."

Nikampokea. Nikaangalia kushoto, nikaona mlango, nikaupita vizuri nikaingia naye chumbani kwangu. Nikamlaza kitandani, nikafungua nepi. Mtoto alikuwa mkavu kabisa.